Intaneti Bila Kero: Vidokezo 9 vya Kukitawala Kivinjari Chako

Habari za teknolojia siku hizi ni akili mnemba asubuhi, akili mnemba jioni. Huku kivinjari, kinachokufungulia benki, magazeti na maombi ya kazi, kimeachwa na mipangilio ile ile kiliyokuja nayo kutoka dukani. Leo zamu yake! Huhitaji fundi, na vidokezo vingi hapa utavimaliza kabla chai yako haijapoa.

1. Zima arifa za wasumbufu

Umewahi kuona simu inayolia mchana kutwa, skrini imejaa "Simu yako ina virusi 13!" na "Hongera, umeshinda!"? Mwenye simu anaapa hajapakua chochote, na anasema kweli. Siku moja alikuwa anatafuta mechi ya bure, akabonyeza "Ruhusu" ili kile kidirisha kimwondokee, na tovuti ikapata kibali cha kumtumia arifa usiku na mchana. Mara nyingi virusi hakuna kabisa. Kilichopo ni ruhusa iliyotolewa kwa haraka.

Iondoe hivi: fungua Chrome, gusa nukta tatu juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utakuta orodha ya tovuti zote ulizowahi kuziruhusu, na nyingine hutakumbuka hata ulizitembelea lini. Zizuie moja moja, halafu zuia na tovuti mpya zisiombe tena. Kwa maoni yangu hata tovuti za habari hazihitaji kibali hiki. Jambo likiwa kubwa, utalisikia tu. Ukimaliza simu yako, omba ya mama, ya shangazi, ya mzee wa nyumbani. Hao ndio wanaoteseka kimya kimya, na utapewa baraka zote.

2. Vivinjari viwili, raha mara mbili

Nani kasema lazima uwe na kimoja? Weka Opera Mini kwa kusoma. Programu hii ya kampuni ya Norway hubana kurasa kwenye seva zake kabla hazijafika kwako, na bando linakwenda mbali. Chrome ya Android nayo ilikuwa na huduma ya kubana data, ikaondolewa mwaka 2022, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ila kwa kuwa kurasa zilizobanwa sana hupitia seva za watu, mambo ya benki na malipo yafanyie kwenye kivinjari kingine. Soka na umbea huku, hela kule.

3. Acha kulipia matangazo

Video ya tangazo inayojicheza yenyewe inakula bando lako, si la mwenye tangazo. Firefox ya Android inapokea viendelezi, yaani programu ndogo za nyongeza. Chrome ya Android haipokei. Kwa hiyo pakua Firefox, ingia kwenye menyu ya viendelezi, weka kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin. Ni bure! Fungua tena ile tovuti iliyokuwa inajikongoja uone inavyoruka. Wenye iPhone, tafuteni kizuia matangazo cha Safari kwenye App Store, maana Firefox ya huko haipokei viendelezi hivyo. Halafu tuwe waungwana: gazeti unalolipenda na unalolisoma bure linaishi kwa matangazo, basi liruhusu.

4. Steshenari na saiba: ondoka na vitu vyako vyote

Hapa ndipo ningependa utulie kidogo. Umekwenda steshenari kuomba mkopo wa chuo, au saiba kushughulikia mambo ya kodi. Nyuma yako kuna foleni, kijana wa dukani anakuhimiza, nawe unafungua barua pepe kwenye kompyuta inayotumiwa na mtaa mzima. Kabla ya kuandika chochote, fungua dirisha la hali fiche: kwenye Chrome bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Ukilifunga mwishoni, historia na akaunti ulizoingia havibaki kwenye mashine.

Lakini hali fiche ina mipaka, na wengi hawaijui. Haikufichi kwa mwenye mtandao, wala kwa tovuti yenyewe. Isitoshe, mafaili uliyoyapakua hayaguswi! Fungua folda ya vipakuliwa kwenye kompyuta ya dukani uone: wasifu wa huyu, cheti cha kuzaliwa cha yule, nakala ya kitambulisho cha taifa, vyote vimelala hapo na majina kamili. Kwa hiyo ukishachapisha, futa faili lako, kisha ulifute na kwenye pipa la taka. Kama ulimtumia kijana wa dukani hati kwa WhatsApp, simama pembeni yake mpaka aifute mbele ya macho yako. Si ukorofi. Ni namba yako ya kitambulisho, na ni haki yako.

5. Soma anwani, msikilize na mlinzi wako

Tangazo la ajira limekujia kwenye kundi, linki iko chini. Kabla ya kujaza chochote, tazama anwani hadi mkwaju wa kwanza baada ya https://. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za Kenya .go.ke, kama ecitizen.go.ke. Ukikuta "go" na "tz" vimeunganishwa kwa vistari, na mwisho wake ni .com, toka mbio. Usidanganywe na alama ya kufuli. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefungwa njiani, haisemi nani yuko upande wa pili. Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wanaiamini kupita kiasi.

Na huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko wote: hifadhi nywila zako kwenye kivinjari. Kivinjari huziambatanisha na anwani halisi ya tovuti, kwa hiyo ukitua kwenye ukurasa bandia unaofanana na wa benki yako kama pacha, hakijazi chochote. Siku kilichozoea kukujazia kinapokaa kimya, nawe usiandike. Simama, soma anwani upya.

6. Mtandao umekata? Tulia, usifute kitu

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Nyakati kama hizo watu huzima simu, huwasha, hununua bando jingine, hata hufuta programu. Jaribu kwanza tovuti mbili tofauti, kisha muulize jirani mwenye laini ya kampuni nyingine. Kama naye analia, kosa si lako. Usiifute WhatsApp kwa hasira, maana bila nakala iliyohifadhiwa unaweza kupoteza mazungumzo yako yote.

7. Habari motomoto? Ziache zipoe

Januari 2020 Google ilitangaza kwamba ndani ya miaka 2 Chrome ingeacha kupokea vidakuzi vya watu wa tatu, vile vinavyokufuata kutoka tovuti hadi tovuti. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google inahodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Minong'ono ikaenea kwamba Chrome itauzwa, lakini Septemba 2025 jaji huyo huyo alikataa kuamuru iuzwe. Ukiona kichwa cha habari cha kukurusha kitini, tafuta tangazo la kampuni yenyewe na uangalie imeandika "tunapanga" au "tumeanza". Na ule ujumbe wa "WhatsApp itaanza kutoza, watumie watu 10"? WhatsApp iliacha kudai ada yake ya mwaka tangu Januari 2016. Usiusambaze.

8. Sasisha!

Ukipata Wi-Fi, ingia Play Store au App Store, sasisha kivinjari. Matoleo mapya huziba matundu ambayo wezi tayari wanayafahamu. Basi, ni hilo tu.

9. Funga vichupo, pumua

Chrome ya Android huhesabu vichupo ulivyoacha wazi, na vikizidi 99 inaacha kuhesabu, inakuchorea uso unaocheka :D. Umeshaufikia? Makala unazotaka kweli kuzisoma zipakue ungali kwenye Wi-Fi: gusa nukta tatu, kisha mshale unaotazama chini. Utazisoma kwenye daladala bila kugusa bando. Vichupo vilivyobaki, fungua orodha ya vichupo, gusa nukta tatu tena, kisha "Funga vichupo vyote".