Njia Mbili za Kuifikia Hazina Moja

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ikafanya kazi mjini Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Ilishtaki watu 93. Hukumu yake ya 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Kumbukumbu zake, zikiwemo sauti na picha za mashahidi, zilikabidhiwa chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zake, ambacho majengo yake ya Lakilaki yalifunguliwa mwaka 2016.

Ushahidi wa namna hiyo ukiwekwa katika kompyuta, haitoshi kuutunza; hapana budi uweze kufikiwa kila unapohitajika.

Kazi ya swichi

Katika hazina kubwa ya data, diski hukusanywa pamoja kabatini. Kompyuta zinazohudumia watumiaji, yaani seva, huzifikia kwa mtandao maalumu, aghalabu wa nyuzi za kioo zipitishazo mwanga. Katikati ya mtandao huo hukaa swichi. Hii si swichi ya kuwashia taa, bali ni chombo kipokeacho data katika mlango mmoja na kuipeleka kwenye mlango unaostahili.

Swichi ikiwa moja tu, ikaharibika, diski zote zitakuwa nzima lakini hakuna atakayezisoma. Ndivyo lilivyo shamba la mteremko wa Mlima Meru linalotegemea mfereji mmoja: mfereji ukibomoka, mimea hunyauka ilhali chemchemi imejaa.

Kuongeza swichi ya pili

Kila seva huwekewa milango miwili, mmoja kwa kila swichi. Kabati la diski nalo huwa na vidhibiti viwili, na kila kidhibiti huunganishwa na swichi zote mbili. Seva huhitaji pia programu ya njia nyingi. Bila hiyo, huenda ikaiona diski moja kana kwamba ni kadhaa, na data ikavurugika. Yafaa swichi zenyewe zisiunganishwe, ili kosa la mpangilio katika moja lisienee hadi ya pili.

Hesabu yake

Tuseme kila swichi hufanya kazi kwa asilimia 99 ya muda. Mwaka una saa 8,760. Swichi moja itakosekana kwa saa 87.6. Uwezekano wa zote mbili kukosekana pamoja ni 0.01 × 0.01 = 0.0001, yaani saa 0.876, au dakika 53 hivi kwa mwaka.

Hesabu hii ni sahihi iwapo tu hitilafu za swichi hizo hazitegemeani. Zikichomekwa katika soketi moja ya umeme, umeme ukikatika zote huzimika pamoja. Aidha, kila swichi iweze kubeba kazi yote peke yake. La sivyo, moja ikifa, iliyobaki italemewa.

Ieleweke pia kwamba njia mbili si nakala mbili. Data ikifutwa kwa makosa, imefutwa kwa njia zote. Nakala ya akiba huwekwa mbali, katika jengo jingine.

Zoezi

1. Rudia hesabu hiyo kwa swichi zifanyazo kazi asilimia 98 ya muda.
2. Chora seva mbili, swichi mbili na kabati moja la diski. Ni kitu gani ambacho bado ni kimoja tu?