Damu Kwenye Mkojo: Kwa Nini Daktari Anataka Kinyama cha Kibofu
Kijitabu cha familia za Mukurweini

Dalili usiyopaswa kuificha
Mkojo ukitoka mwekundu au wa rangi ya strungi, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda hospitali. Damu isiyouma ndiyo dalili kuu ya saratani ya kibofu. Huweza kutoweka kwa majuma kadhaa, lakini kutoweka si kupona. Wazee huona haya kuwaambia watoto wao. Akina mama hudhani ni hedhi. Mficha uchi hazai.

Nani awe macho zaidi?
- Mvutaji sigara, hata aliyeacha.
- Mwenye umri wa zaidi ya miaka 50.
- Aliyewahi kuugua kichocho cha mkojo. Kichocho cha Mwea hushika utumbo. Kile cha kibofu kiko Pwani na sehemu za chini za Mto Tana. Mwambie daktari mahali ulikowahi kuishi au kufanya kazi.

Uchunguzi unavyokwenda
Anzia hospitali ya Mukurweini upimwe mkojo. Ikihitajika, utapewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama ile ya kaunti mjini Nyeri.

Huko, ukishapigwa ganzi au nusu kaputi, daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo. Kamera humwonyesha uvimbe ulipo, ila kidonda cha kichocho, uvimbe wa maambukizi na saratani huweza kufanana machoni. Ndiyo maana hukata kinyama, na kwenye uvimbe huchukua pia kipande cha msuli ulio chini yake. Saratani isiyofika kwenye msuli mara nyingi huondolewa kwa kamera hiyo hiyo. Ikishauingia, huenda kibofu kizima kikatolewa.

Kinyama hutiwa kwenye chupa ya fomalini yenye jina lako. Maabara hukigandisha ndani ya nta, hukikata vipande vyembamba mno na kuvipaka rangi, kisha mtaalamu wa patholojia huvisoma kwa darubini.

“Saratani ikiguswa na kisu husambaa”
Si kweli. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni kuchelewa.

Kabla ya kwenda
- Taja dawa zote unazotumia, hasa aspirini na nyingine za kuzuia damu kuganda. Usiziache bila ushauri.
- Jisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uulize mapema italipia nini.

Baada ya kurudi nyumbani
Mkojo unaowasha na wenye damu kidogo kwa siku chache ni kawaida. Kunywa maji ya kutosha, isipokuwa daktari amekukataza. Rudi hospitali mara moja ukipata homa, mabonge ya damu, au mkojo ukikataa kutoka.

Majibu yakiwa tayari, yafuate mwenyewe hata ukijihisi mzima. Omba usomewe na uelezwe mambo mawili: ni saratani au siyo, na kama ndiyo, je, imefika kwenye msuli? Matibabu yako yatategemea majibu hayo.