Dawa ya Kansere na Miguu Inayowaka Moto

Wewe unayetunza mugonjwa wa kansere, somo hili ni lako.

Fikiri juu ya mama mumoja. Mutoto wake ana kansere ya taya, ile ambayo munganga Denis Burkitt aliandika habari yake kule Uganda katika mwaka 1958. Kisha shindano chache uvimbe unapunguka. Lakini usiku mutoto analia: «Mama, miguu yangu inawaka!» Mama anaona kwamba dawa inamuua mutoto. Anafunga vyombo, anarudi kijijini. Huko uvimbe unarudi, na ni uvimbe ndio utamuua.

Mama huyu hakukosa mapendo. Alikosa maelezo. Basi tujifunze.

DAWA INAFANYA NINI?

Dawa moja ya ugonjwa huo inaitwa vinkristini. Inatoka katika muti mudogo wa maua wa Madagaska, ambao watu wengi wanaupanda mbele ya nyumba. (Usichemshe majani yake! Ni sumu.)

Chembe za kansere zinajigawanya mbio mbio. Ndani ya kila chembe kuna nyuzi nyembamba sana zinazosaidia kazi hiyo. Vinkristini inaharibu nyuzi hizo, na chembe ya kansere inakufa.

Lakini mishipa ya fahamu nayo ina nyuzi kama hizo. Kwa mushipa, ni barabara: chakula chake kinapita humo, toka kiini chake karibu na uti wa mugongo mpaka ncha. Kwa mutu muzima, mushipa wa kidole cha muguu una urefu wa metre moja hivi. Barabara ikiharibika, kijiji cha mwisho ndicho kinakosa chumvi kwanza. Ndiyo maana taabu inaanza kwa vidole vya miguu, kisha vya mikono.

Mushipa ulioumizwa unapeleka habari za uongo: moto, sindano, hata kama hakuna kitu kinachogusa muguu.

Dawa ingine, sisiplatini, inaumiza kiini chenyewe cha mushipa. Kwa hiyo maumivu yanaweza kuongezeka hata kisha dawa kuachwa.

UFANYE NINI?

1. Sema mapema. Ganzi, kushindwa kufunga vifungo vya shati, kukokota muguu, taya kuuma, choo kufunga: mwambie munganga. Yeye anaweza kupunguza kipimo ao kungoja kidogo. Usikatize dawa wewe mwenyewe.

2. Linda miguu. Mutu mwenye afya apime maji ya kuoga kwa kiwiko chake. Mugonjwa asiote moto, avae viatu. Kila mangaribi angalia nyayo zake, kwa sababu yeye hasikii kidonda.

3. Parasetamoli mara nyingi haitoshi. Kuna dawa za maumivu ya mishipa, kama duloksetini kwa watu wazima. Munganga ndiye anayeziandika. Usinunue vitamini B6 ovyo sokoni. Ikizidi, nayo inaharibu mishipa.

4. Usiamini wanaosema ni ukoma ao ulozi. Ni dawa. Kwa watoto wengi mishipa inapona pole pole, kwa miezi.

MAULIZO

Kwa nini miguu inaumia mbele ya mikono?
Mutoto akilia usiku, kesho asubuhi utaenda wapi: kijijini ao kwa munganga?