Mwendo wa Mwili na Sukari ya Damu: Somo kwa Kaya za Barabara ya Zhanqian



Wafanyabiashara wengi wa Barabara ya Zhanqian hushinda wamekaa dukani wakisubiri wateja, kisha hula chakula kikuu usiku sana, baada ya mizigo kufungwa. Maisha ya namna hii, yakidumu miaka, huweza kumletea mtu kisukari cha aina ya pili bila ya yeye kuhisi dalili yoyote. Somo hili laeleza jinsi mazoezi yanavyoukinga mwili, na namna ya kuyafanya kwa usalama.

Kazi ya insulini

Tulapo wali, chapati au mkate, chakula hugeuka kuwa sukari iingiayo katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, inayoiashiria misuli na ini kuichukua na kuihifadhi sukari hiyo. Mafuta yakizidi tumboni na misuli isipotumika, mwili huwa mzito kuitikia. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi. Likielemewa, sukari hubaki katika damu na kuharibu mishipa, macho, figo na miguu.

Faida ya mazoezi

Misuli ikifanya kazi huivuta sukari kwa njia yake yenyewe, hata kama mwitikio wa insulini ni dhaifu. Zaidi ya hayo, mwitikio huo huimarika kwa muda wa siku moja hadi tatu baada ya mazoezi, kisha hufifia. Ndiyo maana zoezi la Jumapili haliwezi kumfaa mtu hadi Ijumaa. Usiache siku mbili mfululizo zipite bila mazoezi.

Ushahidi upo hapa hapa China. Mwaka 1986, katika mji wa Daqing, watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari waligawanywa katika makundi. Baada ya miaka 6, takriban watu 68 katika kila 100 wa kundi lisilopewa mpango maalumu walikuwa wamepata kisukari. Katika kundi la mazoezi, walikuwa 41 katika kila 100.

Kiasi kinachotosha

- Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Mwendo unafaa ikiwa waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Hatua za kusitasita kutoka duka hadi duka hazitoshi.
- Bustani ya Liuhua, yenye ziwa, haiko mbali. Siku ya mvua, panda ngazi badala ya lifti.
- Tembea dakika 10 baada ya chakula, hasa cha usiku.
- Siku 2 kwa wiki, imarisha misuli: simama na kukaa kitini mara kumi, au jisukume ukutani kwa mikono. Mama mwenye watoto wadogo aweza kuyafanya haya chumbani.

Tahadhari

Ikiwa unatumia insulini, au vidonge vinavyolichochea kongosho, sukari yaweza kushuka mno. Pima kabla ya mazoezi na uchukue kitu kitamu mfukoni. Ukitetemeka, ukitokwa jasho, moyo ukienda mbio au ukichanganyikiwa, acha mara moja. Kunywa kijiko kikubwa kimoja cha sukari kilichokorogwa katika maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiliwe chochote kinywani: piga simu 120.

Ukipata maumivu ya kifua, pumzika na upige 120. Vaa viatu visivyobana, na kagua nyayo kila jioni. Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari mapema, wala asifanye mazoezi mazito karibu na magharibi. Mtu asiache dawa kwa kuwa ameanza kutembea.

Pima ujue

Kisukari hakingoji mtu augue ndipo kianze. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikionyesha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, huenda una kisukari; rudi ukapimwe tena. Kikiwa kati ya 6.1 na 6.9, mlango wa kurejea bado u wazi, na mazoezi ni miongoni mwa funguo zake. Wengi wetu tuko hapa kwa ajili ya watu wanaotutegemea nyumbani. Kuutunza mwili ni sehemu ya amana hiyo. Anza leo, baada ya chakula cha jioni, pamoja na jamaa yako.