APS, linda siri ya aliyekuja kwako

Wewe ni APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, au mama mshauri, huku Masisi au Walikale, Kivu Kaskazini. Tangu asubuhi umepokea watu, na jioni mkuu wa mradi anapiga simu anataka idadi. Idadi isikuharakishe.

Anza na mwili. Mama akifika baada ya kubakwa, usimkalishe akusimulie tangu mwanzo. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Kwa mguu au kwa pikipiki kwenye tope, saa hizo huisha upesi. Msindikize kwanza hadi kituo cha afya. Habari yake itangoja.

Kisha usimchimbe. Muulize, "Sasa hivi unahitaji nini?" Akinyamaza, kaa naye kimya. Hata kama fishi ina nafasi kubwa ya kueleza tukio, andika yale tu yatakayosaidia ahudumiwe.

Hapa ndipo tunapoumiza watu zaidi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kumbuka Luvungi, kule Walikale. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walishambulia vijiji 13 kwenye njia ya Kibua hadi Mpofi. Umoja wa Mataifa uliorodhesha watu 387 waliobakwa. Kisha wakafuatana wachunguzi, wajumbe na waandishi wa habari, na kila msafara ulitaka kusikia. Leo mgeni akija na kamera akuombe "mama mmoja tu", kataa. Usimwite mama huyo hata kumuuliza. Anaogopa akikukatalia atanyimwa dawa au sabuni, na "ndiyo" ya mtu mwenye hofu hiyo si ridhaa.

Katika wale 387 walikuwamo wanaume 23 na wavulana 9. Basi usiandike mlangoni "waliobakwa". Kibao hicho humfukuza mwanaume, na humtangaza kila mama anayeingia. Mbaya zaidi, wenye shida nyingine hujifunza kwamba neno hilo moja ndilo linalofungua mlango. Mpokee aliyefiwa, aliyechomewa nyumba, asiyepata usingizi.

Rejista iwe na namba. Majina yakae kwenye daftari jingine, mahali pengine. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, Machi wakaingia Walikale-centre. Daftari likisahaulika mezani siku ya kukimbia, majina ya jirani zako yamebaki kwa wenye bunduki. Kubalianeni leo nani atalibeba, na likishindikana kubebwa, nani atalichoma.

Mradi una mwisho. Useme siku ya kwanza: "Tutaonana mara sita." Wiki ya mwisho ya mkataba usimfungue mtu kidonda utakachokiacha wazi. Mpeleke kwa muuguzi wa kituo cha afya, ambaye atabaki.

Na wewe dai msimamizi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa hapa Kivu: APS waliofundishwa, wakiongoza vikundi vya wanawake, walileta nafuu kubwa. Hawakuachwa peke yao. Walikuwa na wasimamizi. Ukianza kuota usiku yale uliyosikia mchana, mwambie msimamizi siku ileile.

Na mkuu akipiga tena kuuliza umepokea wangapi, mtajie pia waliorudi mara ya pili na ya tatu. Omba safu yao iwekwe kwenye rapoti ya mwezi.