Banda la kazi nyumbani: chuma au mbao? Mimi nilichemka, wewe usichemke

Leo tuongelee swali ninaloulizwa sana inboksi. Unauza mtandaoni, mzigo umejaa chumbani mpaka pa kulala hakuna, unaamua kujenga banda uani la kufanyia kazi na kuhifadhi bidhaa. Sasa ujenge la chuma na bati, au la mbao?

Mimi sio fundi wala injinia, niliishia kidato cha nne. Nakwambia nilichojifunza kwa hela yangu. Tena sio yangu, ya mama.

Natengeneza makubazi ya ngozi, niko Kigamboni nyumbani kwa mama. Mwaka juzi alinikopea kwenye kikoba chake nijenge banda la mita 3 kwa 4. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia nataka chuma tupu: fremu ya mabomba ya mraba, kuta bati, paa bati. Hoja zangu: haliungui, mchwa hawali, linaisha haraka. Na kweli siku tatu tu limesimama. Nikapiga picha, nikaweka stetasi, watu wakaanza kuniita bosi.

Wiki ya kwanza nikaanza kuona mambo. Bati linapitisha joto upesi, kwa hiyo saa sita mchana mle ndani ni kama jiko. Jasho langu sio shida, shida ni gundi. Kwenye joto kali ukipaka gundi inakauka kabla hujabandika soli. Ukibandika hivyo hivyo inaonekana imeshika, kumbe imekudanganya. Usiku nako bati linapoa haraka, unyevu uliomo ndani ukigusa bati unageuka maji, asubuhi unakuta yanadondoka kama mvua ndogo. Sisi huku pwani hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo ngozi yangu ikaota ukungu.

Nikapata oda ya jozi 40 za harusi. Siku ya sherehe soli zikaanza kuachia ukumbini. Nilirudisha hela yote. Mama akaendelea kulipa marejesho ya kikoba kwa hela ya maandazi, na hakunisema hata mara moja. Bora angenisema.

Usikimbilie kusema basi mbao ndio jibu. Jirani yangu anauza nguo za mtumba mtandaoni, yeye alijenga la mbao. Nguzo kazichimbia moja kwa moja kwenye udongo, mbao hazina dawa. Mchwa wakapanda kutoka chini. Mchwa ana tabia ya kula ndani akiacha ganda la nje, unaona mbao nzima kumbe hamna kitu. Siku moja rafu ikaanguka na mabelo yote. Kama una banda la mbao, leo hii gonga nguzo zako kwa bisibisi. Ikilia tupu au bisibisi ikizama, umeshachelewa. Angalia pia vijia vya udongo vinavyopanda kwenye nguzo, ndio barabara yao.

Ukichagua mbao, nunua zenye dawa. Mbao za paina, kama hizi zinazotoka Sao Hill kule Mafinga, bila dawa mchwa wanazipenda sana. Za dawa mara nyingi zina rangi ya ukijani. Muulize muuzaji kama dawa imesukumwa kwa mashine au imepakwa kwa brashi tu, maana ya kupakwa haizami. Ukikata mbao, kichwa ulichokata kipake dawa tena. Na vipande vinavyobaki usipikie! Baadhi ya hizo dawa zina sumu, moshi wake sio wa kuchezea. Mama alishavikusanya jikoni, nikamwahi.

Ukichagua chuma, jua geji kwanza. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Karibu na bahari chumvi inakula chuma haraka, na kutu inapenda kuanzia kwenye maungio yaliyochomelewa. Yasugue, yapake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo. Umeme kwenye banda la chuma usifanye mwenyewe. Waya ukichubuka ukagusa fremu, banda zima linapiga shoti. Lipa fundi umeme aweke waya wa ardhi.

Sasa mimi nilifanyaje? Fremu ya chuma niliiacha, ilikuwa nzima. Kuta za bati nikazing'oa. Hesabu yake hii hapa: mzunguko wa banda ni mita 14, bati moja baada ya kulaliana linafunika kama sentimita 80, kwa hiyo yalikuwa karibu bati 18. Nikayauza kwa mtu wa banda la kuku. Chini nikapanga kozi mbili za tofali ili mbao zisiguse udongo, kuta nikaweka mbao za dawa, juu ya kuta nikaacha uwazi wenye wavu ili hewa itembee. Paa likabaki bati ila nikaweka silingi. Maji hayadondoki tena juu ya ngozi, na gundi napaka asubuhi.

Kwa hiyo anza na bidhaa yako. Ngozi, nguo, vitabu, vyakula vikavu: ukuta wa mbao unakufaa zaidi. Kama unakaanga, unatumia mkaa au unachomelea, kaa na chuma, mbao utakuja kulia. Kama umepanga, fremu ya chuma ifungwe kwa nati na bolti badala ya kuchomelewa, mwenye nyumba akikufukuza unafungua unaondoka nayo. Wezi? Yote mawili wanaingia, bati wanalikunja na mbao wanaikata, kwa hiyo mzigo wa bei kubwa lala nao ndani.

Mkopo wa mama tumemaliza mwezi uliopita. Yule dada wa harusi nilimtumia picha ya banda jipya na kubazi moja nimelivuta soli kwa nguvu. Aliona. Hajajibu mpaka leo.