Jumatatu, Alhamisi na chai ya saa nne

Kufunga Ramadhani kazini si mtihani mkubwa. Ofisi nzima inajua, na wenzako wasiokuwa Waislamu wengi wao hujificha kula kwa kukuonea haya. Mtihani uko katika miezi 11 iliyobaki. Ni Jumatatu saa nne, birika limeingia, chapati na maharage zinazungushwa, na wewe mtu mzima unaulizwa mbele ya watu: "Mwenzetu, mbona huli?"

Nilianza kuzishika Jumatatu na Alhamisi baada ya kumaliza sita za Shawwal mwaka mmoja. Niliona mwili umeshazoea, nikasema ni hasara kuuachia. Fadhila za siku hizo zinajulikana. Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya saumu ya Jumatatu, alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi. Na katika Tirmidhi imo hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) kwamba amali huonyeshwa siku hizo mbili, naye Mtume akapenda amali zake zionyeshwe hali amefunga. Kwa hapa Dar es Salaam saumu ni kiasi cha saa 13 na kitu, na mwaka mzima haibadiliki sana. Njaa basi haikunisumbua. Walionisumbua ni watu.

Mwanzoni nilishindwa mara tatu, na zote kwa haya tu. Mara moja ilikuwa keki ya bosi aliyepandishwa cheo. Kila mtu ameshika kipande, kamera inapita, nami nikaona nitaonekana sijafurahi. Nikala. Jioni yake niliudhika na nafsi yangu, nikaamua kuwa toka leo silegei tena. Lakini hapo shetani akanijia kwa mlango mwingine. Nikajiambia: nikisema nimefunga, hiyo ni riya. Sunna hufichwa. Basi nikawa natoa visingizio. Leo nimekunywa chai nyumbani, kesho tumbo linanisumbua, keshokutwa daktari kanikataza mafuta. Nilijiona mcha Mungu kweli kweli.

Masjala kwetu alikuwepo mama mmoja, Mkristo, mtu wa makamo, ambaye vijana wote wa ofisi aliwachukulia kama wanawe. Hilo tumbo langu likamtia wasiwasi. Alhamisi moja akanijia na chupa ya chai imejaa uji wa ulezi, ameamka alfajiri kuupika. "Kunywa mwanangu, huu hauna mafuta wala ndimu." Nikamshukuru. Alipoondoka nikaenda nao chooni, nikaumwaga katika sinki, nikasuuza chupa na kumrudishia.

Siku hiyo hiyo jioni nilikuwa kituo cha daladala, adhana ya magharibi ikaadhiniwa msikiti wa jirani. Nikatoa tende mfukoni na maji. Nageuka, mama yule amesimama nyuma yangu. Akaniangalia, akaangalia tende. "Kumbe ulikuwa umefunga, baba? Mbona hukusema? Mimi mwenyewe nafunga Kwaresima siku 40." Kisha akauliza polepole: "Na ule uji uliunywa?"

Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilimweleza ustadhi wetu msikitini. Hakunihurumia. Alinikumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari, kwamba asiyeacha kusema uongo na kuutenda, Allah (s.w.) hana haja na kuacha kwake chakula chake na kinywaji chake. Nami nilikuwa nimeacha chakula na kuushika uongo, tena kwa jina la ikhlasi! Akanitajia pia hadithi ya Muslim: mtu akiitwa kwenye chakula naye amefunga, na aseme kuwa amefunga. Imam Nawawi katika kuisherehesha anasema amali za sunna inapendeza kuzificha pasipokuwa na haja, lakini ikiwapo haja hapana ubaya kuzidhihirisha. Kuulizwa mbele ya birika ni haja.

Jumatatu iliyofuata nikasema mara moja: leo nimefunga. Mchango wangu wa chai nikautoa kama kawaida, nikakaa nao mezani na kuzungumza. Hilo la kukaa ni muhimu. Anayekimbilia pembeni kila ikifika saa nne ndiye anayeonekana anajitenga. Wakristo walizoea ndani ya wiki mbili. Walionisumbua zaidi, nasema kwa masikitiko, ni Waislamu wenzangu: "Ramadhani imekwisha, sheikh, wewe unamfungia nani?"

Dada zetu hali yao ni nzito zaidi. Wanalipa siku za Ramadhani, na wanaume wanawauliza mbele za watu kwa nini wamefunga, swali ambalo mtu mwenye staha hastahili kuliuliza. Nao wajue kuwa funga ya kulipa si kama hizi zetu. Ukishaianza huifungui kwa ajili ya sherehe wala kwa kumridhisha mtu, mpaka uwe na udhuru wa kisheria.

Ya sunna ina wasaa. Bukhari amepokea kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.). Salman alikataa kula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa amefunga, ale pamoja naye. Akala, na Mtume (s.a.w.) akasema kuwa Salman kasema kweli. Madhehebu yetu ya Shafii yanaruhusu kuifungua, na wanachuoni wake wamesema kama mwenyeji ataumia moyoni ukikataa, basi kula ni bora, asipoumia, kamilisha. Keki ya bosi wangu haikuwa na mtu wa kuumia.

Mama wa masjala alistaafu, na shughuli ya kumuaga ikaangukia Jumatatu. Nilikuwa nimenuia tangu usiku. Alipika mwenyewe pilau, na akanieleza mapema kuwa kuku amechinjwa na kijana wa Kiislamu sokoni, alimsimamia kwa macho yake. Akaja na sahani mpaka kwangu, akasita. Akakumbuka siku. "Basi nitakufungia uende nayo nyumbani," akasema, lakini uso ulikuwa umeshuka, na mimi nikaukumbuka ule uji.

Nikaipokea sahani nikala, naye akakaa kitini kando yangu mpaka nilipomaliza. Mwenzangu mmoja akacheka, "Leo sheikh kashindwa." Alhamisi nikafunga kama kawaida, na Jumanne iliyofuata nikailipa ile Jumatatu, kwani Mahanafi wanawajibisha kuilipa na mimi nilitaka kutoka katika khilafu.